Nunda Ni Paka wa Nani?

Kuna kauli ambayo siku hizi huwezi kwenda kwenye uzinduzi wa kitabu, kikao cha wazazi au semina ya wasanii ukarudi bila kuisikia. Huanza nayo mgeni rasmi, huirudia mwalimu mkuu, na wasanii wenyewe huitikia kwa vichwa. Inasema hivi: hadithi ya kijana, iwe ya kitabuni au ya filamu, sharti iwe na funzo. Na funzo lenyewe lina sura moja tu. Kijana akikaidi wakubwa, akione cha mtema kuni kabla ya ukurasa wa mwisho. Asipokiona, basi hadithi hiyo inaharibu vijana.

Nisiwaonee wenye kauli hii. Hoja yao, ukiichukua pale ilipo na nguvu, ni nzito. Mwanafunzi wa sekondari wa kwetu hasomi riwaya kumi kwa mwaka. Anasoma zile mbili tatu zilizoko kwenye orodha ya shule, basi. Mwenye maktaba nyumbani akikutana na kitabu kinachompotosha, kesho atashika kingine cha kumrekebisha. Huyu wa kwetu hana kesho hiyo. Mzazi katoka alfajiri kwenda sokoni au barabarani, anarudi usiku, na simu iko mkononi mwa mtoto mchana kutwa. Kitabu, wanasema, kikae mahali pa mjomba na shangazi. Tena fasihi ya Kiswahili haikuanza jana kufunza: Mwana Kupona alimwandikia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, na Shaaban Robert aliandika maisha yake yote kama mtu anayemwelekeza mwanawe njia. Ukiwa na binti wa miaka 15 nyumbani, kauli hii inakuingia bila kubisha hodi.

Shida inaanza unapoipeleka mbele ya vitabu na filamu zenyewe.

1. Rosa alilipa, na bado hakusamehewa

Kama kosa la hadithi ni kutomwadhibu kijana, basi Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilistahili kugawiwa bure milangoni mwa makanisa. Sijui binti mwingine katika riwaya zetu aliyelipishwa kama Rosa. Anapoteza jina, anapoteza mchumba, mwishowe anajiua. Anayetafuta funzo anataka nini tena? Na bado kitabu kilipigwa marufuku shuleni.

Adhabu ilikuwemo, tena imezidi kipimo. Kilichokera kilikuwa kitu kingine: Kezilahabi hakumpandisha Rosa kizimbani peke yake. Rudi kwenye kurasa za mwanzo, Ukerewe. Barua ya kijana Charles inaangukia mikononi mwa Zakaria, baba mlevi aliyewahi kuwa mwalimu, na Rosa anapigwa kipigo cha kumtia adabu. Adabu inaingia sawasawa. Binti anakwenda shule ya wasichana akiwaogopa wavulana kama ukoma. Lakini watakaomharibia maisha baadaye si wavulana wa rika lake. Ni mwanamume mzima mwenye cheo, kisha ni mkuu wa chuo. Yaani fimbo ya baba ilimlinda na Charles, aliyempenda, ikamwacha wazi kwa wanaume ambao Zakaria mwenyewe angewapisha kiti. Ukitaka kujua kwa nini wakubwa walisoma kitabu hicho wakaona matusi, usiyatafute vitandani. Yatafute kwenye orodha ya wahusika waliokwisha kuota ndevu.

Baadaye Rosa Mistika iliingia kwenye orodha ya vitabu vya sekondari. Kisa ni kilekile. Yaliyokuwa machafu yakaitwa dhamira, na yakapata alama zake kwenye mtihani. Sijasikia walioifungia wakisema walikosea. Walinyamaza, na kazi ya kufungia ikapata warithi. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania iliviondoa shuleni vitabu 16 kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na maadili, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, visa vya mvulana wa Kimarekani ambaye sehemu kubwa ya maovu yake ni uvivu na uongo mdogomdogo. Wenye orodha hiyo watufanyie hisani moja: watutajie na mwaka itakapogeuka kuwa mtaala, tujiandae.

2. "Si utamaduni wetu"

Hii ndiyo ngao yao kubwa, na ndiyo yenye matundu mengi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hivyo ndivyo babu zetu walivyosimulia, wanasema, na hadithi ya kijana anayekaidi akafanikiwa imekuja na meli.

Haya, tuwasikilize hao babu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha ngano alizozikusanya Unguja, na ndani yake mna kisa cha Sultani Majinuni na paka wake. Paka anakula mifugo. Watu wanakuja kushtaki. Sultani anawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake, kwa hiyo kesi hakuna. Paka anakua, anahamia kwenye mifugo mikubwa, na jibu linabaki lilelile. Anaanza kula watu. Sultani bado anamtetea. Mpaka siku paka huyo alipowala wanawe mwenyewe ndipo Sultani alipofumbuka macho akasema huyu si paka tena, huyu ni Nunda mla watu.

Nani anakwenda kumsaka? Mkaa Jikoni, mwana wa saba, mtoto wa kushinda mekoni, asiyetarajiwa na mtu. Wazazi wote wawili wanamsihi asiende. Hasikii. Anakwenda mwituni, anaua mnyama, anamleta mbele ya mama yake akijigamba kwamba ndiye. Mama anamwambia siye, na anamwomba abaki nyumbani. Anakwenda tena. Kila safari mnyama ni mkubwa kuliko wa jana, kila safari mama anasema siye, na kila safari machozi ya mama hayamzuii. Anakaidi hivyohivyo mpaka anamuua Nunda mwenyewe.

Mkuu alisema, kijana hakusikia, na guu halikuvunjika. Ngano hiyo, iliyosimuliwa na wazee wa Unguja kabla ya sinema kubuniwa, ina ujasiri ambao waandishi wetu wengi wa filamu wameupoteza: inataja zimwi lilifugwa na nani. Linganisha na filamu ile ambayo sote tumeiona mara nyingi hata tukikuta imefika katikati tunajua tulipo. Binti anashuka stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, na begi lake. Anapata shoga mbaya. Nguo zinafupika, simu inakuwa kubwa, mzee mwenye gari anaonekana kidogo kisha anapotea kwenye hadithi bila maelezo. Binti anaugua au anatupwa, anarudi kijijini akilia, mama anampokea mlangoni, kinanda kinapanda. Zimwi ni jiji. Zimwi ni shoga. Zimwi ni simu. Mwenye gari keshafika kwake, analala. Paka hana mwenyewe.

Na huo ukimya kuhusu mwili, unaotetewa kwa jina la mila, ni mila ya wapi? Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi kabla watalii hawajamjua, na waliyofunzwa wari wake kwa ngoma, nyimbo na viuno hayangepita mbele ya kamati yoyote ya maadili. Mtaniambia yale yalikuwa ya ndani, ya mwari na kungwi wake, si ya kuanikwa hadharani. Sawa. Na kitabu husomwa na watu wangapi kwa mara moja?

Kuhusu Mwana Kupona, nitasema dogo tu. Alikuwa mama mgonjwa akimwachia binti yake mawaidha, na aliyaita mawaidha. Hakumtunga msichana wa kubuni ili amuue mwishoni.

3. Kijana wa mradi

Kuna waliokuja baadaye wakaichukua kauli hii kwa nia njema na bajeti. Tangu janga la UKIMWI lianze kutuzika, hadithi ya kijana imekuwa kazi ya miradi ya afya. Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Tanzania, mwandishi wake kwenye jalada ni Medical Aid Foundation. Taasisi imeshika kalamu. Runinga nayo ikapata MTV Shuga, iliyoanzia Nairobi mwaka 2009, na Tanzania ikapata Siri ya Mtungi. Humo kijana akawa mlengwa. Ana mwili, na mwili una hatari. Ila ni nadra kumkuta akichekesha, akilala njaa kwa sababu isiyohusiana na kondomu, akimchukia mdogo wake, au akisoma kitu kwa kukipenda tu.

Lakini tazama ajabu yenyewe. Kilio Chetu, pamoja na uzito wake wa semina, haimshutumu kijana. Joti na Suzi wanaangamia kwa sababu wazazi wanaona aibu kuzungumza na watoto wao mambo ya jinsia. Anna, ambaye kwao waliketi wakamweleza, anasalimika. Ujumbe hauwezi kuwa wazi zaidi ya huo: ukimya wa wakubwa unaua. Tamthilia hiyo imefundishwa miaka nenda miaka rudi katika shule zilezile ambazo, kitabu kikizungumza wazi, mtu mzima anakimbilia kukifungia. Sijui wafundishaji hao na wafungiaji hao wanakaaje vyumba jirani bila kusalimiana.

4. Wanaume wa Orodha wanavalishwa nguo

Orodha ya Steve Reynolds nayo ni ya shuleni, na ndiyo inayonikera zaidi, si kwa ilivyoandikwa, ila kwa inavyosomwa. Inaanza na mazishi ya Furaha, binti aliyekufa kwa UKIMWI na kuacha barua yenye orodha. Wanaume wenye heshima zao kijijini, padri akiwa miongoni mwao, wanahaha kuipata barua hiyo kabla haijasomwa. Kila mmoja ana hakika jina lake limo. Barua inaposomwa, hakuna jina hata moja. Kuna mambo tu, yale ambayo yangemwokoa Furaha na ambayo waliomzunguka hawakumpa. Mwandishi hakuwa na haja ya kuwataja wanaume hao. Jasho lao lilishawataja.

Sasa chukua notisi za tuisheni, zile za kurudufu zinazouzwa kwenye steshenari karibu na shule. Utakuta ujumbe: vijana waepuke tamaa, makundi mabaya huponza, tusipende anasa. Padri hayumo. Mwandishi aliwavua wakubwa nguo jukwaani mbele ya watu, na sisi tumekwenda nyuma ya pazia kuwavalisha kimyakimya, kisha tukatoa alama kwa anayesahau alichokiona.

Na mwanafunzi si mjinga, anajifunza upesi. Anajua fomula: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo wa mwandishi. Anajua kwamba sentensi yenye alama huanza na "vijana wanapaswa". Mwenyewe ana miaka 17, lakini anawaandika vijana kama mtu anayeandika habari za kabila la mbali lenye tabia za ajabu. Hakuna mahali kwenye karatasi anapoweza kusema kwamba aliwahi kujisikia kama Rosa, au kwamba Zakaria anamkumbusha mtu. Anajifunza kujishitaki kwa Kiswahili fasaha. Halafu tunashangaa kwamba siku ya mwisho ya mtihani anagawa vitabu vyake na hashiki riwaya nyingine maisha yake yote.

Hapa ndipo ile hoja yao nzuri, ya mtoto mwenye riwaya mbili tu kwa mwaka, inapowageuka. Kama ni mbili tu, kuna sababu gani ya zote mbili kuwa hadithi moja? Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia. Anakataliwa na mama yake mzazi, anapokewa Ng'ambo na Mwajuma, anampenda Denge, mtu wa siasa anayetafutwa na serikali ya kikoloni. Ukihesabu, amekaidi mume, mama, jamii na dola. Adam Shafi hakumuua. Riwaya hiyo inasomwa shuleni, mwaka 2021 Amil Shivji ameifanya filamu, na sijasikia kwamba ndoa za Zanzibar zimevunjika kwa ajili yake.

5. Mwas anapigiwa makofi, Kena anafungiwa

Mtu akiniambia kwamba haya ni mambo ya wasomi na kwamba kanuni ya adhabu inatumika kwa wote sawasawa, nitampeleka Nairobi.

Mwaka 2012 ilitoka Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga. Mwas, kijana wa kijijini mwenye ndoto ya kuigiza, anaingia jijini, anaibiwa siku hiyohiyo, anatupwa mahabusu, na huko anapata marafiki wanaomfundisha kuiba magari. Anaiba. Watu wanakufa. Mwishoni wenzake wako chini, na yeye yuko jukwaani anaigiza. Kwa kipimo cha funzo, kijana huyu alitakiwa amalizie gerezani au kaburini. Kenya iliipeleka filamu hiyo kuiwakilisha kwenye tuzo za Oscar.

Miaka sita baadaye Wanuri Kahiu alitoa Rafiki. Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaogombea kiti kimoja mtaani, wanapendana. Hawaibi gari. Hawashiki bastola. Katika filamu wanaopigwa ni wao. Bodi ya filamu ya Kenya iliifungia kwa madai kwamba inahamasisha usagaji kinyume cha sheria, na Kahiu ameeleza hadharani kwamba alitakiwa abadilishe mwisho, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno na haukuonyesha majuto. Akakataa. Ilibidi aende Mahakama Kuu, iliyoruhusu filamu ioneshwe siku saba mwezi Septemba 2018.

Weka pembeni, kwa dakika moja, unavyoyaona mapenzi ya mabinti hao. Najua wasomaji wengi wana msimamo, na sikuja kuwabadilisha leo. Angalia kilichodaiwa. Mabinti wangepigwa, wangetenganishwa, wangelia, na kama wangemaliza filamu wakiwa wamevunjika, mlango ungekuwa na nafasi ya kufunguka. Kipigo kilivumilika, kilichoshindikana ni wao kunyanyua vichwa baada yake. Mwas aliruhusiwa kupita juu ya maiti akaenda kupigiwa makofi. Ukiniuliza tofauti ya hawa vijana watatu ni nini, nitakujibu kwamba mmoja ni mwanamume, na kwamba uhalifu wake ni ule tuliokwisha kuuzoea.

Tazama jinsia ya waliokufa au kuvunjwa kwa ajili ya mapenzi katika makala hii nzima. Rosa. Furaha. Suzi. Kena na Ziki walikuwa njiani. Ni kweli Joti amekufa, maskini, mmoja.

6. Hadithi iliyoishia getini

Wenye kauli wamebakiwa na kimbilio moja: hizi ni hadithi tu, mbona unazipa uzito hivyo? Ajabu kuisikia kutoka kwa watu walioanza kwa kusema hadithi zinaharibu taifa.

Lakini nakubali kwamba zina uzito, na nitaonyesha ulikoangukia. Katika hadithi zetu, msichana akipata mimba hadithi yake imekwisha. Ukurasa unaofuata ni wa kujuta. Kwa miaka mingi shule za Tanzania ziliendeshwa kwa mtiririko huohuo. Binti akionekana na ujauzito, anafukuzwa, na kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu hivyo chini ya kifungu cha makosa ya maadili. Juni 2017 Rais Magufuli alisema wazi, akiwa Chalinze, kwamba katika utawala wake hakuna aliyejifungua atakayerudi shuleni. Hoja iliyotolewa tunaifahamu, maana tumeisoma vidato vyote: akirudi, wengine watajifunza nini kwake? Aliyempa mimba, kama ilivyo desturi ya filamu, alionekana kidogo kisha akapotea kwenye hadithi bila maelezo. Sisemi riwaya ndiyo iliyotunga kanuni. Nasema tulipoisikia kanuni haikutushtua, kwa sababu tulikuwa tumefanya mitihani juu yake na kufaulu.

Novemba 2021 Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanaojifungua wanaruhusiwa kurudi darasani. Wamerudi. Yupo sasa hivi msichana wa kidato cha tatu anayekaa dawati moja na wadogo zake kwa umri, maziwa yanamlowanisha sare saa nne asubuhi, mtoto yuko kwa bibi, hesabu hazimuingii, na jana kacheka mpaka machozi kwa sababu mwalimu wa jiografia kachana suruali. Hajutii kila dakika. Siku nyingine anajuta, siku nyingine anafikiria chipsi. Serikali imeshaandika sura yake ya pili, na waandishi wa riwaya bado tuko kwenye ile ya kwanza, tunapigia mstari neno "tamaa".

Anayetaka kumwandika atakutana na kikwazo ambacho si cha kiroho wala cha kimila. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa oda za shule, na oda za shule zinapitia kwenye kamati ya ithibati, na kamati itauliza binti huyu ameadhibiwa ukurasa wa ngapi. Mchapishaji anajua swali hilo linakuja, kwa hiyo analiuliza yeye kwanza. Mhariri naye anamwahi mchapishaji, na mwandishi anamwahi mhariri, hivyo binti anakufa kwenye rasimu ya kwanza bila mtu yeyote kutoa amri. Msichana mwenyewe ni rahisi kumpata, yuko darasani. Adimu ni mchapishaji atakayekubali kupoteza fedha kwa ajili yake.